Mazoea Yana Taabu

Wahenga walisema kwamba mazoea yana taabu. Neno hilo tulilisikia tangu utoto wetu, nasi tukadhani limesemwa juu ya walevi na wavuta bangi. Hatukufikiri hata siku moja kwamba latuhusu sisi, mume na mke, walimu wa shule, ambao nyumbani mwetu haiingii chupa ya pombe ila siku ya arusi. Kumbe kikombe cha kahawa kilitosha kutuonyesha kwamba sisi nasi tulikuwa na bwana wa kututawala.

Twakaa Kolwezi. Mji huu ulizaliwa na shaba katika miaka ya 1930, na tangu mwaka 2015 ndio mji mkuu wa jimbo la Lualaba. Machimbo hayana usiku wala mchana: mwenye kutoka zamu hupishana njiani na mwenye kuingia. Katika mji wa namna hii kukesha ni sehemu ya kazi. Baba wa mmoja wetu alifanya kazi ya zamu miaka mingi, naye hakuondoka nyumbani bila chupa yake ya kahawa nyeusi iliyofungwa kwa kitambaa. Sisi hatuchimbi mawe, lakini kahawa yake tuliirithi. Tulikunywa kikombe alfajiri, kingine saa nne watoto wa shule wakicheza, na cha tatu jioni tukisahihisha madaftari. Vijana wa siku hizi wanaoendesha malori ya shaba na kobalti hawabebi tena chupa ya kahawa. Wao hununua njiani vinywaji vya makopo, vyenye sukari tele na dawa ile ile iliyomo katika kahawa, yaani kafeini.

Mwaka mmoja ilipokaribia Kwaresima tulishauriana tujinyime nini. Nyama haikuwa shida, kwa kuwa hatuipati kila siku. Ndipo mmoja wetu akasema, "Tuache kahawa." Mwenzake akacheka, akasema, "Hilo nalo ni sadaka? Ni jambo dogo mno." Basi, tukakubaliana hivyo, na Jumatano ya Majivu tukaiweka birika juu ya kabati.

Mchana wa siku hiyo kichwa kilianza kuuma taratibu, kama mtu agongaye mlango kwa adabu. Alhamisi hakikugonga tena, kilivunja mlango. Macho yalichoka na mwangaza, tumbo lilichafuka, na usingizi ulitujia mbele ya watoto darasani. Hasira nayo ilikuwa tele. Jioni hiyo tuligombana kwa ajili ya makaa yaliyolowa mvua. Mtoto wetu wa pili alipouliza ni nani atamsaidia hesabu, alijibiwa neno ambalo mzazi hapaswi kumwambia mtoto. Alikwenda kulala bila kula. Sisi tulikaa gizani, kila mmoja upande wake, tukijiuliza kama kweli kwa kikombe cha kahawa watu wazima waweza kufikia hapo.

Baadaye tulijifunza kisa chake, nasi twaeleza hapa kwa sababu mwenye kuujua ugonjwa hauogopi sana. Mwili wa mtu hutengeneza kitu kiitwacho adenosini. Kadiri mtu anavyofanya kazi mchana, ndivyo kitu hicho kinavyozidi katika ubongo na kukaa katika viti vyake, na hapo mtu husikia uchovu. Kafeini hufanana nacho, nayo hufika mapema na kukalia viti vile, kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba. Uchovu upo, lakini haupati mahali pa kukaa. Ubongo nao si mjinga: ukiona viti vimejaa wageni kila siku, huongeza viti vingine. Ndiyo maana kikombe kimoja cha zamani hakitoshi tena, vyatakiwa viwili, kisha vitatu. Siku mgeni anapoondoka ghafula, adenosini huvikalia viti vyote kwa pamoja. Uchovu huanguka kama mzigo, mishipa ya damu kichwani hupanuka, na kichwa huuma.

Mateso hayo huanza baada ya saa 12 hadi 24 tangu kikombe cha mwisho. Huwa makali zaidi siku ya kwanza na ya pili, nayo hupungua hata kwisha katika siku 2 hadi 9. Hayaui mtu. Tena si ya wavivu wala wadekaji: mwaka 2013 waganga wa Marekani waliyaandika katika kitabu chao cha magonjwa ya akili, pamoja na yale ya kuacha vileo vingine. Waislamu wa pwani huyajua vizuri katika siku za kwanza za Ramadhani, kahawa ya mchana inapokatika. Wazee wetu waliyaonja pia, maana hadi miaka ya 1950 mkristo aliyetaka kukomunika hakula kitu tangu usiku wa manane. Leo, tangu mwaka 1964, ni muda wa saa moja tu kabla ya Komunyo.

Siku ya nane tuliamka vichwa vyetu vyepesi. Tulilala usingizi mwema kuliko miaka yote iliyopita, wala si ajabu, kwani kafeini hukaa mwilini muda mrefu. Nusu ya kahawa ya saa kumi jioni ingali damuni karibu saa tatu usiku. Tulifurahi mno. Na furaha hiyo, wasomaji wapenzi, ilizaa kiburi, na kiburi kilitaka kumwua mtu.

Jirani yetu ni baba wa mapasa, nasi twamwita hivyo, Baba Mapasa. Aliwahi kuwa fundi hodari. Kazi ilipokwisha alianza kunywa lutuku, ile pombe kali ipikwayo vichochoroni kwa mahindi na mihogo, ambayo nguvu yake hakuna aijuaye. Alikunywa tangu asubuhi, kila siku, kwa miaka. Jumamosi moja ya Kwaresima hiyo alikuja kusimama uani petu, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mimi nimechoka na maisha haya. Watoto wananiogopa. Nifanye nini?"

Mmoja wetu akamjibu, na mwingine akaitikia kwa kichwa: "Baba Mapasa, kata mara moja. Sisi tuliacha kahawa kwa siku moja. Tuliumwa, tukavumilia, ikapita. Kaza moyo." Akatushukuru kwa mikono miwili.

Akakaza moyo kweli. Jumapili asubuhi mikono yake ilitetemeka hata hakuweza kushika kikombe cha maji. Alitoka jasho, akatapika. Sisi tulipopita kwenda Misa tulimtia moyo, tukamwambia ndiyo mapambano yenyewe. Usiku wa siku hiyo tulisikia hodi ya nguvu. Mama Mapasa alisimama nje kwenye mvua, kichwa wazi. "Njoni, Mwalimu, njoni. Baba anawafukuza siafu ukutani, na siafu hawapo." Tulipofika alikuwa ameanguka chini na mwili wote ukimkakamaa, povu kinywani, na mapasa wakimtazama toka mlangoni.

Tulipata gari la jirani, tukamfikisha hospitalini. Daktari alipokwisha kumtuliza alitoka, akauliza, "Ni nani aliyemwambia aache mara moja?" Hatukujibu. Alitutazama kitambo, naye akafahamu. Kisha akatufundisha, bila kutugombeza, jambo ambalo kila nyumba ya mji huu yapasa kulijua.

Pombe, alisema, huupoza ubongo. Mwenye kunywa sana kila siku kwa muda mrefu, ubongo wake huongeza mbio ili kushindana na kile kinachoupoza. Pombe ikiondolewa ghafula, mbio hubaki peke yake, kama lori mteremkoni lisilo na breki. Kutetemeka, jasho na kutapika huanza baada ya saa chache. Kifafa chaweza kuja kati ya saa ya 6 na ya 48. Tangu siku ya pili hata ya nne wengine huchanganyikiwa, huona wasivyoviona wengine, moyo huenda mbio na homa hupanda, na wapo wanaokufa. Hospitali ina dawa ya kuutuliza ubongo, kama diazepamu, itolewayo kwa kipimo kinachopunguzwa siku kwa siku, pamoja na vitamini B1 ambayo walevi wengi wameipungukiwa. Dawa hizo mtu hajipi mwenyewe nyumbani, wala hazinunui sokoni. "Kahawa na lutuku," daktari alimaliza, "si ndugu wa tumbo moja. Shauri la mmoja si shauri la mwingine."

Baba Mapasa aliishi. Usiku ule hatukulala, na safari hii si kwa ajili ya kahawa. Tulikuwa tumempa mtu shauri kwa kipimo cha taabu yetu ndogo, tukalipamba kwa jina la ushujaa. Alipotoka hospitalini tulikwenda kumwomba radhi. Akasema, "Mwalimu, ninyi hamkujua. Lakini watu wengi wa mtaa huu wangenicheka tu. Ninyi mlinijibu." Neno hilo limetufariji, lakini halikutuondolea wajibu wa kuyaandika haya.

Basi, tuseme wazi. Mwenye kunywa pombe kali kila siku, hasa yule ambaye mikono humtetemeka asubuhi kabla hajanywa, asiache peke yake kwa ghafula. Na aende kwanza kwa mganga wa hospitali, na jamaa yake imsindikize. Si aibu.

Mvuta tumbako hana hatari hiyo ya kifafa, lakini asidhani njia yake ni fupi. Hamu na hasira humzidia siku ya pili na ya tatu, nazo huendelea kwa majuma mawili hadi manne. Ajue tu kwamba hamu moja moja hudumu dakika chache. Akiinuka, akanywa maji, akatembea hadi mwisho wa njia na kurudi, huikuta imepungua.

Na mnywa kahawa au chai ya rangi nzito? Kwanza ajue kwamba halazimiki kuacha. Wakuu wa chakula wa Ulaya waliandika mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya hadhuriki kwa miligramu 400 za kafeini kwa siku, na mama mjamzito asipite 200. Kikombe kimoja cha kahawa chaweza kuwa na karibu miligramu 100. Lakini akitaka kuacha, asifanye kama sisi. Mwaka uliofuata tulianza majuma mawili kabla ya Majivu. Tuliondoa kikombe cha jioni, baada ya siku chache kile cha saa nne, kisha tukapunguza cha alfajiri nusu, halafu robo. Kichwa hakikuuma, wala mtoto hakulala na njaa. Yafaa pia kuchagua siku zisizo za mitihani wala za zamu ya usiku, na kuwaambia watu wa nyumbani mapema. Na aangalie vidonge vya kichwa, maana baadhi yake vina kafeini ndani. Amezaye hivyo hufikiri ameacha, kumbe bwana wake amerudi kwa mlango wa nyuma.

Wapo wasemao kwamba mlevi hawezi kubadilika. Twawajibu kwa habari za mtu mmoja wa Dublin, Ireland, aitwaye Matt Talbot, aliyezaliwa mwaka 1856, kibarua maskini. Alianza kunywa akiwa na miaka 12. Mwaka 1884 alisimama karibu na baa bila senti mfukoni, akingoja rafiki zake wamwalike, nao wakapita bila kumwalika. Akarudi nyumbani, akaweka kiapo cha kutokunywa kwa miezi 3 tu. Ilipokwisha akakirudia, na mwishowe akakiweka kwa maisha yake yote. Hakunywa tena hata alipokufa mwaka 1925, na mwaka 1975 Kanisa lilimtangaza kuwa Mheshimiwa. Hatumtaji ili mlevi wa leo aache peke yake bila daktari. Twamtaja kwa sababu ya ile miezi 3. Hakuahidi maisha yote kwa siku moja.

Baba Mapasa naye aliahidi juma moja, kisha lingine. Ameanguka mara mbili tangu hapo, na mara zote mbili alirudi hospitalini kabla ya kuacha. Jumapili, baada ya Misa, huja uani petu na mapasa wake. Tulimpa munkoyo mara ya kwanza, akaunusa, akauliza umepikwa lini, kwa kuwa munkoyo ukikaa siku nyingi huwa pombe nao. Tukamwambia umepikwa jana. Akatabasamu, akawapa watoto kwanza, kisha akanywa. Mkono wake ulitulia.

Tangu siku hiyo, msomaji, jirani akija uani petu na kuuliza afanye nini, hatumwambii upesi akaze moyo. Twamwuliza kwanza anakunywa nini, kiasi gani, na tangu lini.