Pikipiki Yangu na Ulimi Wangu



Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Mambrui, na elimu yangu ni ya chuoni na ya skuli ya msingi tu. Umri wangu umepita miaka 50. Nina pikipiki ambayo kwayo huvuka daraja la mto Sabaki siku tatu katika kila juma, kwenda Malindi kusomesha watoto wa mtaa mmoja. Nataka kuwaeleza yaliyonipata kwa sababu ya chombo hiki, wala si kwa kuwa ni khabari ya ajabu, bali kwa kuwa nadhani wengi wetu tumo ndani yake bila ya kujijua.

Katikati ya mwezi wa Rajabu 1445, yaani mwishoni mwa Januari 2024, nilikuwa nikiteremka kuelekea darajani baada ya Alasiri. Mbuzi wakakata njia. Nikakanyaga breki ya nyuma, mguu ukazama mpaka chini, na chombo kikaendelea kama kwamba sikufanya kitu. Kwa khofu nikaikamata breki ya mbele kwa nguvu, na gurudumu la mbele lilikuwa limekwisha ingia katika mchanga wa kando ya lami. Likateleza, nami nikaanguka. Mfupa wa mguu wangu wa kushoto ukavunjika. Daktari akanifunga plasta na akaniamuru kukaa majuma sita. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba siku ile sikuwa nimempakia mjukuu wangu, kwani siku nyingine hukaa nyuma yangu amenishika kiuno.

Watu wakaja kunitazama, kama ilivyo desturi njema ya Waislamu. Kila aliyeuliza sababu nilimjibu neno moja: "Fundi." Maana mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimeipeleka pikipiki kwa fundi kijana wa mtaani kwetu, ambaye alisoma kwangu tangu alifu hata akahitimu, naye akaishughulikia breki ile ile. Nikasema kazi yake ni ya haraka haraka, ya kutaka pesa. Nikayasema hayo kitandani, na nilipoweza kutembea kwa magongo nikayasema barazani pa msikiti. Na maneno ya mwalimu hayaanguki chini. Hazikupita siku nyingi nikasikia kwamba vijana watatu wa bodaboda wamehamisha kazi zao kwa fundi mwingine. Nami, astaghfirullah, niliona moyoni kuwa amestahili. Tazameni nilivyogawanya mambo: kuanguka kwangu mimi nilikuita kadari, na kazi yake yeye nikaiita uzembe.

Pikipiki ililetwa nyumbani ikaegemezwa ukutani uani, nami nikawa nakaa kutwa kwenye mkeka nikiitazama. Siku moja mama watoto akaniambia: "Baba watoto, ikiwa wakaa waitazama tu, basi ifungue uitengeneze. Ramadhani yaja, na watoto wa ng'ambo wakungoja." Nikaona amenena kweli. Na kwa kuwa nilikwisha apa kutoipeleka tena kwa yule kijana, nikaazimia kuifanya kazi mwenyewe, nikisaidiwa na mwanangu wa mwisho mwenye miaka 14.

Pikipiki hii ni ya mtindo wa CG 125, ambao Honda ya Japani iliuanza katika miaka ya 1970 na viwanda vya Uchina vikauiga kwa wingi. Ni mashine isiyo na mambo mengi, na mtu mwenye subira na spana chache aweza kuifahamu. Juma la kwanza tuliosha cheni kwa mafuta ya taa, tukaikausha na kuipaka oili. Tukatoa plagi, tukaisugua masizi yake na kuipima nafasi ya moto, isipungue milimita 0.6 wala isizidi 0.7. Tukamwaga petroli iliyobaki katika kabureta, kwani petroli ikilala muda mrefu huacha utando kama gundi, nao huziba vitundu vyembamba. Kila nati tuliyoifungua tuliitia katika kifuu chake, tukavipanga vifuu kwa safu, ili wakati wa kurudisha tusipotee. Ndugu zangu, ilikuwa ni furaha kubwa. Sikuwa nimekaa na mwanangu kwa utulivu kama ule tangu alipoanza kwenda skuli.

Juma la pili tukatoa gurudumu la nyuma. Msomaji asiyejua na aelewe hivi: ndani ya kitovu cha gurudumu lile mna viatu viwili vya breki, kila kimoja kimevishwa bitana ngumu. Mtu akikanyaga breki, ufito wa chuma huvuta mkono mdogo ulio nje ya gurudumu. Mkono huo huzungusha chuma bapa kilicho ndani, nacho huvitanua viatu mpaka vikabana kitovu. Siku zikipita bitana hulika, na mguu huzama zaidi. Hapo waweza kukaza nati iliyo mwisho wa ule ufito, na breki ikapanda juu tena. Lakini kukaza nati hakuongezi bitana. Basi watengenezaji wakaweka kwenye ule mkono mshale mdogo, na pembeni yake alama. Breki ikikanyagwa na mshale ukafika kwenye alama, maana yake viatu vimekwisha na ni lazima kuvibadilisha. Nati huweza kuudanganya mguu, mshale haudanganyiki.

Tulipofungua tukakuta bitana za viatu vyote viwili hazitimii hata milimita moja, na mahali pamoja chuma kilikuwa kimekwisha gusa chuma. Inapofika milimita mbili hufaa kuvitupa. Nikafungua kinywa nimlaani fundi, kwamba hakubadilisha kitu. Ndipo mwanangu akaushika ule mkono akauliza: "Baba, mshale huu ni wa nini?"

Wallahi, nilinyamaza. Kwa sababu swali lile lilinirudisha kwenye siku niliyokuwa nimeizika. Nilimwona yule kijana amechutama mbele yangu, kidole chake kikiuonyesha mshale ule ule, akiniambia: "Maalim, mshale umefika kwenye alama. Viatu vimekwisha. Nikikaza nati utaona breki imerudi, lakini haikurudi." Nami nikamjibu: "Kaza tu, mwanangu. Mwezi ujao, inshallah." Na pesa nilikuwa nazo mfukoni. Nilitoka kwake nikaenda Malindi nikanunua kifuniko kipya cha kiti cha pikipiki, kwa kuwa cha zamani kilipasuka na nilikuwa nimealikwa harusini, nikaona haya kwenda nacho.

Hiyo ndiyo kadari yangu, enyi ndugu. Twajua sote khabari ya yule mtu na ngamia wake, aliyeamrishwa amfunge kwanza kisha ategemee. Mimi nimewasomesha watoto jambo hilo kwa miaka mingi. Ngamia wangu sikumfunga, kisha nikamshitaki jirani kwa kupotea kwake. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kumtaja ndugu yako kwa jambo analolichukia ni kumsengenya, na ikiwa jambo lenyewe halimo ndani yake, basi umemzulia. Mimi nilikuwa nimezulia, na nilikuwa nikijua, kwani kusahau kwangu kulikuwa ni kusahau kwa kutaka.

Usiku ule nilimweleza mama watoto, nikamwambia nitamwita yule kijana faraghani nimtake radhi. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Je, ulimsema faraghani?" Sikuwa na jawabu.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, nilikaa barazani na magongo yangu, nikawaambia wale wale niliowaambia mwanzo: breki ilikuwa imekwisha, kijana alinionya, mimi nilimkataza asibadilishe, na yote niliyoyasema juu yake hayakuwa ya kweli. Yalikuwa maneno mafupi, lakini sijapata kusema maneno mazito kama yale. Kijana alikuwapo. Akainamisha kichwa akasema: "Maalim, mimi nilisamehe siku ile ile." Nikamuuliza kwa nini basi hakujitetea. Akajibu kwa adabu: "Ningesema nini, Maalim? Nani angeniamini mimi akuache wewe?" Neno hilo liliniuma kuliko mfupa.

Siku ya pili alikuja nyumbani na viatu vipya vya breki. Akatuonyesha tulipokosea: mwanangu alikuwa akitaka kupuliza vumbi la breki kwa mdomo, akamzuia. Vumbi lile lina madhara kwa mapafu, khasa la viatu vya zamani vilivyokuwa na asbesto. Hufutwa kwa kitambaa kilicholowana. Tukarudisha gurudumu, tukapima mguu wa breki uzame kiasi cha sentimita mbili au tatu kabla ya kushika, na mshale ukasimama mbali na alama. Alikataa ujira, nami nikakataa kukataa kwake.

Plasta ilifunguliwa siku chache kabla ya Ramadhani, lakini mguu ulikuwa bado dhaifu. Nusu ya kwanza ya mwezi ule mtukufu alinivusha daraja kijana yule yule, mimi nimekaa nyuma nimemshika bega, naye akiteremka polepole kwa ajili yangu.

Katika wale vijana watatu wa bodaboda, wawili wamerudi kwake. Wa tatu ameshazoea kwingine, na mpaka leo hajarudi. Kila nimwonapo akipita najua kwamba pale pana riziki ya mtu niliyoipoteza kwa ulimi wangu, na radhi niliyopewa haikuirudisha.

Basi ndugu zangu, mwenye pikipiki nyumbani na aitazame kila juma: mshale wa breki, cheni, oili na mipira. Nanyi akina mama msione haya kuuliza, kwani mnaopakiwa ni nyinyi na watoto wenu. Na kabla hatujasema "fundi ameharibu", tujiulize kwanza fundi alitwambia nini, nasi tulimjibu nini.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi njiani, na atuhifadhi na ndimi zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.