"Mama" Hufa wa Kwanza

Akina mama wenzangu, leo nataka kuwasimulia habari ya mchezo wa kompyuta. Najua wengi wenu mtasema, "Hata huyu naye!" Mimi mwenyewe niliuchukia mchezo huo kwa moyo wote. Lakini ndio ulionionyesha kosa nililokuwa nikilifanya nyumbani mwangu kila siku, huku nikijiona mke mwema.

Ilikuwa mwaka 2020. Tunaishi Marangu, na mume wangu ni mwongozaji wa wageni wanaopanda Mlima Kilimanjaro. Kwa miaka mingi riziki yetu ilipitia kwenye lango la mlima: Mandara, Horombo, Kibo, kisha kurudi. Mwezi wa Machi ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, wageni wakaacha kuja. Tarehe 17 ya mwezi huo zikatangazwa habari za kufunga shule. Ghafla nikawa na mume asiye na kazi na watoto watatu wa kulisha mchana na usiku.

Tena nilikuwa na jambo ambalo mume wangu hakulijua. Mwezi wa Januari nilikopa fedha kwenye kikundi chetu cha akina mama ili kumalizia ada. Nilitegemea kulipa kidogo kidogo bila yeye kufahamu. Sasa kila Alhamisi ilinijia kama mtu anayenifukuza kwa nyuma.

Nikaanza kukimbia. Saa kumi na moja alfajiri nimeshakamua ng'ombe. Nikitoka hapo nashuka kutafuta majani, nikirudi naingia migombani kukata ndizi za kupeleka sokoni Marangu Mtoni. Zamu yetu ya mfereji ikifika, mimi ndiye niliyekwenda na jembe kufungulia maji. Mume wangu alikaa barazani akiutazama mlima. Alipoinuka kushika panga, nilimwambia, "Acha tu baba, nitafanya." Nilijiambia kwamba namwonea huruma, mtu aliyezoea kuongoza wageni asionekane na mzigo wa majani kichwani. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeacha kumtegemea kwa lolote, na yeye alilijua hilo.

Kijana wetu mkubwa alikuwa kidato cha tatu. Mjomba wake alikuwa amempa kompyuta yake ya zamani ili ajisomee, naye baada ya masomo alicheza mchezo mmoja tu, jioni hata jioni. Siku moja nimerudi na majani, mvua imeninyeshea, yeye hata hakuinua kichwa. Nikafoka: "Umeme wangu unaishia kwenye michezo!"

"Samahani mama," akasema, "lakini njoo uone. Tunakaribia kufa."

Sijui kwa nini sikuizima ile mashine. Labda nilikuwa nimechoka mno. Niliketi kando yake huku maji yakinichuruzika, akanieleza.

Mchezo huo unaitwa FTL. Ulitoka mwaka 2012, na waliouanzisha ni vijana wawili tu, Justin Ma na Matthew Davis. Mchezaji anakabidhiwa chombo cha kusafiria angani chenye watu wachache. Kinabeba habari muhimu, na nyuma yake kuna kundi kubwa la maadui wanaokikimbiza, kwa hiyo hakiwezi kukaa mahali pamoja. Njiani kinapigwa, kinatoboka, kinashika moto. Chombo unakitazama kutoka juu, kama nyumba iliyoondolewa paa: chumba cha usukani, cha injini, cha silaha, cha mtambo wa hewa, na chumba cha matibabu.

Shida kubwa ni kwamba umeme hautoshi. Ukitaka ngao ya kuzuia mapigo iwe na nguvu, huna budi kupunguza mahali pengine. Kijana wangu alizima hata mtambo wa hewa kwa muda, kwa kuwa hewa iliyomo vyumbani haiishi mara moja. Moto ukiwaka, aliwatoa watu katika chumba kile, akafungua milango ya nje ili hewa itoke na moto ukose cha kula. Na chombo kikiharibika kabisa, hakuna kurudi nyuma. Unaanza safari upya.

Nikaona pembeni majina ya watu wa chombo. Mchezo unaruhusu kuwapa majina upendayo, naye aliwaita kwa majina ya nyumbani. Walikuwa watatu: yeye mwenyewe, Baba, na Mama.

Niliangalia kale kamtu kanakoitwa Mama. Kalikimbilia kwenye injini kutengeneza. Kabla hakajamaliza, kakatumwa kuzima moto. Kutoka motoni kakapelekwa kuziba tundu katika chumba ambacho hewa ilikuwa inaisha. Mstari wa uhai wake ukafupika, ukawa mwekundu, kisha kakatoweka.

"Mama amekufa," kijana akasema, kama mtu anayesema chai imepoa. "Huwa anakufa wa kwanza."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu nakutuma kila mahali. Chumba cha matibabu kipo, lakini nasahau kukurudisha."

"Na baba yako?"

"Baba namweka kwenye usukani tu. Simtumi popote."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amepanga mchezo wake kama alivyoiona nyumba yake. Nikaenda jikoni, nikalia.

Usiku ule nilimweleza mume wangu yote, pamoja na lile deni. Nilitegemea hasira. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Deni halijaniuma sana. Kinachoniuma ni kwamba kila siku unaniambia nikae." Baadaye akaongeza neno ambalo sijalisahau: "Mlimani mzigo wa mpagazi unapimwa langoni. Kilo 20, hauzidi. Hapa nyumbani wewe nani anakupimia?"

Kesho yake tuliketi wote mezani tukagawana kazi kama kijana anavyogawa ule umeme wake. Baba alichukua majani na mfereji, na wala hakujali nani anamtazama. Kijana alipewa zizi, na mchezo ukaruhusiwa baada ya zizi kufagiliwa. Binti akashika kuku, na mdogo wao kuni. Yapo tuliyoyazima kwa muda: nyama, sukari ya chai ya jioni, na michango ambayo nilikuwa nikiitoa kwa aibu tu. Mtamba wetu tukamuuza, jambo nililokuwa nimelikataa kwa wiki kadhaa. Mume wangu akaenda mwenyewe kwa viongozi wa kikundi, akalipa sehemu ya deni na kuomba muda kwa kilichobaki. Mimi nikaamriwa kulala saa moja baada ya chakula cha mchana. Watoto wakaiita saa hiyo "chumba cha matibabu."

Siku zile kijana alinihadithia pia habari ya kweli ya chombo cha Marekani kilichoitwa Apollo 13. Mwezi wa Aprili 1970 kilikuwa njiani kwenda mwezini, tanki moja la oksijeni likalipuka. Safari ya mwezini ikaachwa. Watu watatu, Lovell, Swigert na Haise, wakahamia katika chombo kidogo cha kutulia mwezini, kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wawili. Walizima karibu kila kitu wakavumilia baridi kali, na maji ya kunywa yalikuwa kwa kipimo. Hewa chafu ilipozidi, wataalamu waliokuwa duniani waliwaelekeza jinsi ya kuunganisha kichujio kwa vitu vilivyokuwamo: mifuko ya plastiki, karatasi ngumu na gundi ya utepe. Tarehe 17 Aprili walitua salama baharini. Nilipenda kwamba walisema mapema wana tatizo, kisha wakakubali kuelekezwa. Mimi tatizo langu nililificha miezi mitatu.

Nilimkumbuka pia Musa, aliyekuwa akiwaamua watu peke yake tangu asubuhi hata jioni, mpaka mkwewe Yethro alipomwonya kwamba atachoka yeye na watu pamoja naye. Habari hiyo iko katika Kutoka 18. Nimeisikia tangu nikiwa Shule ya Jumapili, lakini siku zote nilidhani ni ya viongozi. Kumbe ni ya mama mwenye zizi na migomba pia.

Sisemi kwamba kila kitu kilinyooka. Deni lilituchukua mpaka mwaka uliofuata. Wageni walirudi polepole, na zilikuwako siku ambazo mume wangu hakusema neno mpaka jioni. Lakini alikuwa hasemi huku ana jembe mkononi, nami nilikuwa nimejifunza kutolichukua.

Shule zilipofunguliwa tarehe 29 Juni, kijana aliniita kabla ya kufunga sanduku lake. "Njoo uone, mama." Chombo kilikuwa kinateketea, nadhani wanaoshinda mchezo ule ni wachache. Baba alikuwa anazima moto kwenye injini. Nikamtafuta Mama. Alikuwa katika chumba cha matibabu, mstari wake wa uhai umejaa.

"Mbona tunakufa na mimi nimelala?" nikamuuliza.

"Angalau safari hii tumefika mbali zaidi," akasema.

Mama mwenzangu, leo jioni hesabu vyumba unavyokimbilia peke yako. Kisha angalia ni nani umemwambia akae.