Mwuguzaji Naye Ahitaji Zamu

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukitaka kuujua uzito wake, kaa siku moja na mama amwuguzaye mtoto mwenye figo dhaifu.

Dada yangu ni mama wa namna hiyo. Anakaa Msangamkuu, ng'ambo ya ghuba ya Mtwara, na mwanawe ana miaka 9. Kazi ya figo ni kuchuja damu na kutoa takataka pamoja na maji ya ziada. Zikishindwa kabisa, mgonjwa husafishwa damu kwa mashine hospitalini, kwa kawaida mara 3 kwa juma, saa 4 hivi kila mara. Iko pia njia ya kutia maji maalumu tumboni kwa mpira, kisha kuyatoa yakiwa na takataka hizo. Nayo yaweza kufanywa nyumbani. Huko Uingereza wapo wazazi waifanyao kila usiku.

Mpwa wangu hajafikia hatua hiyo, lakini mama yake hana usiku wala mchana. Maji ya kunywa hupimwa kwa kikombe. Dawa zina saa zake. Ng'onda, kitoweo cha pwani yetu, ni marufuku kwa sababu ya chumvi. Hata dafu ni hatari kwake, maana lina potasiamu nyingi ambayo figo mbovu hushindwa kuitoa, nayo ikizidi mwilini yaweza kuusimamisha moyo. Jirani mwema ampaye mtoto huyu dafu kwa huruma aweza kumdhuru. Ndiyo sababu dada hakuthubutu kumwachia mtu mwanawe hata kwa saa moja. Akakosa arusi na misiba, na usingizi ukamkimbia.

Kwetu Wamakonde, kwa desturi, mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ana neno juu yake. Neno hilo lisiwe la kutoa amri tu. Likizo iliyopita nilikaa kwa dada juma zima, nikafundishwa kupima maji na kutoa dawa. Bibi yake mtoto na binamu yetu mmoja wakafundishwa pia. Sasa kila Jumamosi mmoja wao hushika zamu, na dada huvuka kwenda mjini kwa shoga yake, akalala hadi asubuhi.

Bandarini Mtwara hakuna apakiaye korosho usiku na mchana bila mwenziwe kuja kumpokea. Kwa nini basi tumdai mama jambo tusilomdai mpakizi?

Salamu za pole ni njema, lakini hazimpi mtu usingizi. Ikiwa unaye mwuguzaji jirani yako, mwombe akufundishe kazi yake, yaandike maagizo ya daktari, kisha uitimize siku uliyoahidi. Hatuna budi kuelewa kwamba mama aliyechoka hukosea kipimo, na kipimo ndicho uhai wa mtoto.