Bunduki ya Nyumbani, Bunduki ya Ugenini

Sisi tuliokulia mjini tumefundishwa tangu utotoni kupenda vya kwetu. Ukinunua sukari ya Kilombero, mkata miwa naye anapata ugali wake. Ukimpa fundi wa mtaani kazi ya kushona badala ya kukimbilia mtumba, ada ya mtoto wake inalipwa. Hoja hiyo naikubali kwa mikono miwili. Lakini je, inafaa kwa kila kitu kinachouzwa? Mimi nauliza habari ya bunduki.

Usishtuke. Sina bunduki wala leseni yake. Nilichonacho ni daftari kubwa la mistari, na ndani yake riwaya ya upelelezi niliyoianza mwaka ule niliomaliza kidato cha nne. Sisi tuliosoma visa vya Willy Gamba na Joram Kiango kwa mwanga wa kibatari tunajua kwamba shujaa lazima awe na kitu kiunoni. Basi nilipofika sura ya tatu nikakwama hapo hapo. Shujaa wangu ni kijana wa Magomeni, anapanda daladala, anakula chipsi mayai kwa mkopo. Kwa nini bastola yake itoke Italia au Ubelgiji? Kwa nini asishike chuma cha nyumbani?

Nikalipeleka swali kijiweni. Jamaa wakagawanyika kama Simba na Yanga. Mmoja, fundi wa kuchomelea mageti, akasema, "Bunduki kitu gani bwana? Bomba na springi tu. Turuhusiwe, tutatengeneza, na pesa itabaki hapa hapa." Mwingine, aliyewahi kuwa mlinzi wa usiku, akacheka sana. "Kwenye lindo hutaki uzalendo," akasema. "Unataka risasi itokee mbele, isitokee nyuma."

Maneno ya mlinzi yaliniingia kwa sababu ya mjomba wangu. Mjomba analima mahindi huko Kilosa, na kwa miaka mingi alililinda shamba kwa gobore. Aliliunda mhunzi wa kijiji cha jirani: mtutu ni bomba la maji, kitako ni mti wa mninga, marisau ni vipande vya nondo. Unashindilia baruti kwa mbele, unatia marisau, unashindilia tena, halafu unamwomba Mungu. Bidhaa ya nyumbani kuliko hiyo hakuna. Usiku mmoja nguruwe pori wakaingia shambani. Mjomba akafyatua, gobore likapasuka ubavuni na kuondoka na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto. Nguruwe wakaendelea kula.

Sasa angalia jambo lililonishangaza. Mjomba hakuwa na wa kumdai. Gobore lile halikuwa na namba wala jina la kiwanda, na halikuandikwa katika daftari lolote la polisi. Kwenda kulalamika ingekuwa ni kujipeleka mwenyewe rumande, maana kumiliki silaha bila leseni ni kosa. Akafunga mkono kwa kipande cha kanga, akanyamaza.

Je, tuseme basi ya kigeni ndiyo bora? Hapana, tusikimbilie huko. Wenye mjadala huu hasa ni Wamarekani, maana kule raia anaingia dukani na kuchagua bunduki kama sisi tunavyochagua viatu pale Karume. Wapo wanaoshikilia kwamba Mmarekani wa kweli anunue ya Marekani. Hoja zao si za kipuuzi: kuna ajira za watu viwandani, tena mlango wa nje unaweza kufungwa wakati wowote, kama serikali yao ilivyopiga marufuku kuingiza bunduki za Kichina mwaka 1994.

Lakini hiyo ya Marekani ni ipi? Mwaka 1985 jeshi lao liliiacha Colt likachagua bastola ya Beretta, kampuni ya Kiitaliano, na baadaye bastola hizo zikaundwa Maryland kwa mikono ya Wamarekani. Smith & Wesson ilikuwa mali ya kampuni ya Uingereza kuanzia 1987 hadi 2001. Kiwanda cha Winchester cha New Haven kilifungwa 2006, na leo zile bunduki tulizoziona kwenye sinema za makauboi zinatengenezwa Japani. Colt yenyewe, tangu 2021, inamilikiwa na Wacheki. Mnunuzi anadhani amenunua nchi yake, kumbe amenunua jina.

Turudi kwetu. Sisi tunalo Shirika la Mzinga kule Morogoro. Jirani zetu wa Kenya wana kiwanda cha risasi Eldoret tangu miaka ya 1990, kilichoanzishwa kwa utaalamu wa Kibelgiji. Aprili 2021 Rais Uhuru Kenyatta alifungua kiwanda kingine Ruiru, chenye uwezo wa kutoa bunduki 12,000 kwa mwaka kwa ajili ya vyombo vya usalama. Kijiweni habari hiyo ilishangiliwa kama goli. Fundi wa mageti alisimama kabisa.

Lakini risasi za Eldoret zina kisa chake. Mwaka 2008 watafiti wa Small Arms Survey, taasisi ya Geneva, walichapisha walichokiona Turkana Kaskazini. Walikusanya risasi zilizokuwa mikononi mwa wafugaji, wakasoma chapa kwenye kitako cha kila ganda. Sehemu kubwa ya zilizozagaa kinyume cha sheria zilikuwa zimetengenezwa Eldoret, nazo zilipitia mikononi mwa polisi. Mfugaji aliyepigwa kwa risasi ile hakufa kifo cha kizalendo. Alikufa tu, na ng'ombe wakaswagwa.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Kitenge kinachakaa, sukari inaisha kikombeni, lakini bunduki inaishi kuliko aliyeinunua, na inahama mikono. Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe imetoka wapi, bali nani ataijibia. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inataka kila bunduki ipigwe chapa ili ifahamike ilikotoka. Siku kiwanda cha hapa kikimuuzia mkulima mwenye leseni bunduki iliyojaribiwa na yenye namba, nitasema ainunue, ajira zibaki nyumbani. Mpaka siku hiyo, ya kigeni yenye namba ni afadhali kuliko gobore lisilo na mwenyewe. Na asiyehitaji yoyote kati ya hizo, kama mimi, ashukuru.

Nawe mwandishi mwenzangu, unapomkabidhi shujaa wako bastola, usiishie kuisifu inavyong'aa. Ipe namba. Mpe karani aliyeiandika namba hiyo, na mtu aliyejaribu kuifuta kwa tupa. Mimi sura yangu ya tatu imefunguka: kijana wa Magomeni anaokota ganda moja mtaroni, analifuta tope kwa kidole gumba, na anaanza kusoma kitako chake. Bastola ya mwenyewe bado iko kwenye kasha la stoo ya kituo, na ili apewe lazima kwanza atie sahihi.