Kibos: Walipotua Askari Wazee

Msomaji, ukifika Kisumu usiishie ufukweni kula samaki. Panda matatu ya Kibos, pembeni mwa jiji, ukawasikie Wanubi na lugha yao ya Kinubi, iliyozaliwa kutokana na Kiarabu cha kambini.

Babu zao walikuwa askari kutoka Sudan. Mwaka 1891 Lugard aliwakuta wengi wao kando ya Ziwa Albert, akawaingiza katika jeshi lake Uganda. Baadaye wakawa KAR. Walipostaafu, kwao kukawa mbali. Wakajenga Kibos, na wenzao Kibera, Nairobi.

Warumi nao waliwapa askari wastaafu ardhi. Colchester, Uingereza, ilianzishwa hivyo mwaka 49 B.K., na mabaki yao yamo chini ya mji wa leo. Lakini shamba la Mrumi lilikuwa lake. Mnubi wa Kibera alipewa pasi tu! Eneo lililotangazwa mwaka 1918 lilikuwa ekari 4,197. Hati ya mwaka 2017 ilitaja ekari 288.

Ukikaribishwa chai Kibos, swali la hati usiliulize kama una haraka. Mtakaa mkekani hadi magharibi.