Kigingi cha Ngomo

Mguu wangu wa kushoto ulikanyaga mpira mtupu. Mjukuu wangu alikuwa amenipandisha kwenye lori jipya la tajiri wake, hapa Kamanyola, upande wa barabara inayokwenda mpakani Bugarama. "Kaa kwenye usukani, Babu, ujisikie." Nikakaa. Mkono wa kulia ukaenda wenyewe kutafuta vitesi, yaani gia, mguu ukaenda kutafuta ambreyaji, hiyo klachi, wala hapakuwa na kitu. Pedali mbili tu. "Hili linaondoka lenyewe," akasema mtoto yule, kwa fahari kana kwamba amelizaa. Kisha akaniuliza, bila dharau yoyote, na ndiyo maana iliniuma: "Ni kweli zamani mlikuwa mnajifunza kuondoka? Kuondoka tu?"

Kuondoka tu. Mimi kulinila karibu miaka miwili, na sehemu kubwa ya miaka hiyo sikuwa kwenye usukani. Nilikuwa chini, nyuma ya gurudumu.

Ng'ambo ya ziwa Tanganyika, kule Tanzania, msaidizi wa lori anaitwa utingo. Huku kwetu mipakani jina lake ni kigingi, sawa na gogo analolibeba. Nilianza ukigingi mwaka ambao noti za zaire 5 na 10 zilifutwa wakati wa Noeli, na baba akabaki na bahasha ya karatasi za kuwashia moto. Basi ni 1979. Lakini dada yangu anaapa kwamba siku niliyopanda lori mara ya kwanza yeye alikuwa ameshaolewa, na huyo aliolewa 1981. Tumebishana Pasaka mbili. Namwachia.

Njia ilikuwa ile ile ya leo kwenye ramani: Uvira, Sange, Luvungi, Katogota, Kamanyola, halafu bonde linakwisha na mlima wa Ngomo unaanza. Hapa tuko kwenye mita 1,000 hivi, na ziwa Kivu kule Bukavu liko kwenye mita 1,460. Mtu akisikia tofauti hiyo anaona ni ndogo. Hajapanda Ngomo na magunia ya mchele mgongoni. Upande mmoja mwamba, upande mwingine hewa, na sehemu nyingi malori mawili hayapitani. Anayepanda akikutana na anayeshuka, mmoja lazima asimame, na aliyesimama kwenye mpando ana kazi moja tu iliyobaki duniani: kuondoka tena bila kurudi nyuma.

Hendibreki yetu ilikuwa ya kusimulia. Lori likisimama nilikuwa nimesharuka chini na gogo langu la mkaratusi, lililochongwa pembe tatu na kufungwa kamba ya kulivutia, nalisukuma nyuma ya gurudumu la kushoto. Shoferi analiachia lori taratibu liegemee mti. Hapo mimi nachuchumaa, mkono kwenye kamba, nikisubiri.

Sitamtaja shoferi wangu kwa jina, watoto wake wapo. Mshi wa Walungu, mwembamba, aliyekuwa akivua kiatu cha kushoto kabla ya kupanda Ngomo na kukitundika kwenye kioo. Kwanza aliitazama saa ya hewa. Bila hewa hakuna breki, na bila breki hakuna haja ya kuharakisha. Kisha vitesi ya kwanza. Aliinua mguu ule mtupu kidogo kidogo, na mimi huku chini nilisikia sauti ya injini ikizama, kama mtu aliyetwikwa mzigo kichwani na kunyamaza ghafla. Chesisi inajinyanyua kiasi cha unene wa kidole. Sekunde hiyo ndiyo yenyewe. Ndipo anaongeza mafuta, wala si kabla. Gurudumu linabanduka kwenye gogo bila kelele, gogo linabaki limekaa peke yake barabarani, nami naliokota na kukimbia nyuma ya lori.

Kwa shoferi mbaya gogo lilipiga kelele. Gurudumu lilirudi, likaling'ata, na mti ule ulisagika au uliruka. Mmoja uliruka siku niliyoazimwa kwa lori la watu wengine, na kidole changu cha kati hakijakunjika tangu siku hiyo. Na harufu! Aliyekanyaga mafuta mengi huku mguu wa kushoto ukiwa nusu, diski zinateleza, na hewa yote ya Ngomo inanuka kwato ya ng'ombe iliyotupwa motoni. Harufu hiyo inashika shati. Ukifika nayo nyumbani mkeo anajua siku ilikuwaje.

Kwa hiyo siku mzee aliponiambia, "Mwana, panda wewe," kwenye tambarare ya Luvungi, mashamba ya mpunga kulia na kushoto, masikio yangu yalikuwa yanajua. Mguu ndio ulikuwa mjinga. Nilizima injini mara tano. Mara ya sita lori liliruka kama mbuzi. Na tulikuwa tumebeba nini? Kreti za chupa tupu, zinarudi kiwanda cha bia cha Bralima, Bukavu. Hakuna mzigo mbea kama chupa tupu. Zilizovunjika nilikatwa kwenye mshahara, na za mwezi uliofuata pia.

Kamanyola palikuwa na mama mmoja aliyeuza bugali na ndagala pale barabara inapoanza kupanda. Deni za mashoferi aliziandika kwa makaa ukutani, kila mtu na alama yake. Ya mzee wangu ilikuwa kiatu. Mama huyo hakugeuka kutazama malori. Alisikiliza chupa. Zikigongana, aliuliza kwa sauti soko zima lisikie: "Nani huyo anasonga bugali na lori?" Wanawake wa nyanya walicheka hadi tukapotea kwenye kona. Nilipita mbele yake nikichekwa kwa miezi. Asubuhi moja niliondoka, chupa zikanyamaza, na katika kioo nilimwona amegeuka. Niliporudi Ijumaa alisema, "Papa, juzi lori lilitoka kama mtu anayetoka ibadani." Hakunipunguzia deni.

Kwenye ukuta ule wa makaa sasa kuna kibanda cha kuuza vocha za simu, chenye spika mbili zinazopiga muziki tangu alfajiri. Hata chupa elfu zikigongana hakuna atakayesikia.

Miaka ya 90 nairuka, na iliyofuata pia. Kila mtu wa huku ana ya kwake. Malori yetu mengine yalichukuliwa, mengine yalilala njiani yakaota nyasi. Wenye haraka walizidi kupita Rwanda, lami hadi Kamembe, jeto ya kuvukia mpaka mkononi, wakaiacha Ngomo kwa wasio na njia nyingine. Zikaja Fuso, zikaja Howo, halafu haya yenye pedali mbili. Vijana wanafika Bukavu shati likinuka sabuni. Vidole vyao vyote vinakunjika, hilo siwezi kulinung'unikia. Ila nikimwuliza mjukuu injini yake inasemaje ikichoka, ananionyesha taa ya njano.

Gogo langu la mwisho ninalo. Mke wangu analitumia kuzuia mlango wa jikoni usijifunge na upepo wa bondeni. Jioni ile mtoto alinisindikiza nyumbani, akaliinua, akaligeuzageuza, akatazama alama za meno ya gurudumu.

"Babu, hili mbona hamjalipasua kuni?"

Nikamwambia alirudishe mlangoni.