Levo ya 5 na levo ya 1 kwenye meza moja

Zamu ya kuandika wiki hii ni yetu, kikundi cha Jumamosi, wale mnaotuona nyuma ya duka la kuchaji simu tukipigia kelele vizibo vya soda. Wengi wametuuliza tunacheza kamari gani. Si kamari, jamani. Majina yetu hatuyaweki hapa, sababu mnazijua, kwa hiyo kila mtu tutamwita kwa jina la mhusika wake.

Mchezo unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitoka Marekani mwaka 1974, walioutunga ni Gary Gygax na Dave Arneson. Mtu mmoja ni msimulizi: anawaambia mko wapi, mbele yenu kuna nini. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, anasema atafanya nini. Jambo likiwa gumu unarusha dadu ya pande 20. Siye dadu hatuna, tuna vizibo 20 vyenye namba ndani ya kopo la Blue Band. Unachomoa kimoja, unasoma, unarudisha, unatikisa. Hesabu ni ileile. Kanuni za msingi ziliachiwa watu wote bure Januari 2023, tukazipakua kwenye simu na tukaanza kuzitafsiri wenyewe, usiku, umeme ukiwepo. (Neno moja lilitupa shida: yule mtu wa kutupa moto kwa maneno. Mkimwita mchawi kambini, kesho wazazi wamefika na mchungaji. Tulimwita Mzee wa Fimbo, na amani ikabaki.)

Sasa habari yenyewe.

Katikati ya mwaka 2024 tulikuwa na mhusika mmoja mkubwa kuliko wote, Radi, mpiganaji wa levo ya 5. Aliyemcheza ni kijana wa Uvira, ndiye mkubwa wetu kwa umri, wote tunamwita yaya. Alianza nasi siku ya kwanza na hakukosa Jumamosi hata moja. Wenzake wa mwanzo walikuwa wameondoka mmoja mmoja, wengine kwa ndege, wengine kurudi kutafuta kazi mjini. Kwa hiyo nafasi zao zilijazwa na watu wapya, na mtu mpya anaanza levo ya 1. Ndivyo ilivyo kwenye kambi, kikundi chochote kinavuja kama jerikeni ya zamani, unajaza juu huku chini kinatoka.

Kwa wasiojua: Radi alikuwa na pointi 44 za uhai na alipiga mara mbili kwa zamu. Mgeni ana pointi 8 au 9, anapiga mara moja, akikosa basi. Sasa weka watu hao kwenye daraja moja, adui wako mbele. Nani aamue? Tuliona jibu liko wazi. Msimulizi akiuliza "Mnafanya nini?", wote tunageuka kumwangalia yaya. Yaya anasema: Radi anatangulia, dada Kombe atibu, ninyi wawili wapya kaeni nyuma.

Wakakaa nyuma. Mmoja wao alikuwa kijana wa miaka 15, mhusika wake Mshale. Jumamosi tatu mfululizo hakugusa kopo. Kombe ndiye aliyegundua, sisi wengine tulikuwa tunafurahia vita.

Tukajaribu kurekebisha, na tulianza vibaya. Msimulizi (naye yumo kati yetu tunaoandika, amekubali lisemwe) alifikiri tatizo ni Radi kushinda kirahisi mno. Akaleta adui mkubwa, mwenye tufe la moto. Tufe la moto linahesabiwa kwa dadu 8 za pande 6, kwa wastani linakula pointi 28. Siku hiyohiyo Mshale aliamua hatimaye kusogea mbele, akasimama karibu na Radi. Moto ukapiga wote wawili. Radi alibaki na pointi 16, akajikung'uta vumbi. Mshale alikuwa na 9. Na kwa kanuni, kama moto uliobaki baada ya kukufikisha sifuri unalingana na uhai wako wote au kuuzidi, huzimii, unakufa palepale, hata Kombe na dawa zake hawezi kitu. Kijana alichukua karatasi yake, akaikunja mara nne, akaaga vizuri tu. Jumamosi iliyofuata hakuja. Na iliyofuata.

Tulimfuata kwao. Mama yake alisema yuko kwenye foleni ya maji, tukamkuta huko na jerikeni zake mbili. Hakuwa na hasira. Alisema: "Miye kungojea naelewa. Nangojea maji, nangojea mgao, nangojea karatasi. Na Jumamosi pia ningojee?"

Hatukuwa na la kumjibu. Tulimsaidia kusogeza jerikeni, tukarudi.

Wazo la pili lilikuwa kuwapandisha wapya wote mpaka levo ya 5, tumalize kesi. Tulilijaribu Jumamosi moja tu. Wapya walikabidhiwa karatasi zilizojaa uwezo ambao hawajui unatoka wapi, kila zamu wanauliza "hii inafanya nini?", na vita ya dakika kumi ikawa ya saa mbili. Halafu kulikuwa na haki ya yaya pia. Levo yake aliitolea jasho la mwaka mzima na zaidi. Kumwambia mtu kwamba muda wake wote aliokaa hauhesabiki, hilo siye wakimbizi tusimfanyie mwenzetu, tunalijua ladha yake.

Kilichotusaidia ni hesabu. Kombe alikaa na simu usiku akasoma kanuni vizuri, akatuletea mambo mawili.

La kwanza: kufika levo ya 5 unahitaji pointi 6,500 za uzoefu, lakini kutoka ya 5 hadi ya 6 unahitaji 7,500 nyingine. Na pointi za kila tukio zinagawiwa sawa kwa wote waliokuwepo. Maana yake, mgeni akianza na sifuri leo na akatembea na Radi bila kufa, siku Radi anagusa levo ya 6 mgeni atakuwa ameshapita kwenye levo ya 5. Pengo linajiziba lenyewe kama watu wanatembea pamoja na kama msimulizi hawaunguzi njiani. Kwa hiyo msimulizi akaacha moto wa kufunika watu wote, akaanza kuleta mambo mawili kwa wakati mmoja: Radi anazuia mlango huku, na kule kuna mtoto anazama. Radi hawezi kuwa pande mbili.

La pili ndilo lililotushangaza. Levo inaongeza sana uhai na kipigo. Lakini kwenye mambo mengine, kusikia nyayo, kusoma alama, kumshawishi chifu, tofauti ya aliyesomea kazi yake kwa levo ya 1 na ya 5 ni nyongeza ya 2 dhidi ya 3. Kizibo kimoja kwenye kopo la 20! Na Radi kuongea hajui, kwenye kushawishi watu anapunguziwa 1. Mgeni mwimbaji mwenye ulimi mtamu anaongeza 5. Yaani siku zote tulizokuwa tunamsukuma Radi mbele akaongee na wenye mji, tulikuwa tunamtuma mtu mbaya kuliko wote mezani, kwa sababu tu ana upanga mkubwa.

Basi tukatenganisha vitu viwili ambavyo tulikuwa tumevifunga pamoja bila mtu kutuambia. Nguvu ibaki kwa mwenye nguvu. Kuamua kuwe kwa zamu. Kumbe si jambo jipya: kitabu cha wanaoanza cha mwaka 1981 kilishauri kundi lichague mtu mmoja wa kumweleza msimulizi wote wanapanga kufanya nini. Siye tulimwita msemaji, na kila Jumamosi tunamchagua kwa kizibo. Msemaji hatoi amri. Kazi yake ni kumuuliza kila mtu, na aliyenyamaza anaulizwa wa kwanza, ndipo anamwambia msimulizi. Kuna mchezo mwingine, Ars Magica wa 1987, ambao wataalamu wake wana nguvu za kutisha na walinzi wao ni watu wa kawaida kabisa. Ule haukuhangaika kuwalinganisha, wachezaji wanabadilishana tu, leo wewe mkubwa, kesho unabeba taa. Tulipojua hilo tulipumua kidogo. Kumbe hata wenzetu wa mbali limewasumbua.

Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, tuwatanie kidogo. Mkija kwenye kikundi swali lenu la kwanza ni "kiongozi wenu nani?", asaini karatasi. Na anayesaini ni yule mwenye Kiingereza. Mnajua sasa tunafikiria nini tukiwaangalia.

Ila zamu haikuwa rahisi. Kwetu mdogo hampangii mkubwa. Siku dada mmoja wa Burundi, mwaka mmoja tu hapa, alipotoka msemaji, hakuweza kutamka "Yaya, wewe fanya hivi." Alinyamaza mpaka tukacheka wote. Tukaweka sheria: mezani hakuna yaya wala mdogo, kuna Radi, kuna Kombe. Akajaribu tena, sauti ndogo: "Radi, unaonaje?" Na Radi akajibu.

Mnaweza kudhani yaya alikasirika kunyang'anywa. Siye tulidhani hivyo, tulimwendea kwa maneno ya kuzunguka. Akatukata: "Ninyi ndiyo mnaniangalia. Kila mlango mnaniangalia. Nyumbani wadogo wangu wananiangalia, hapa pia." Tangu ana miaka 16 ndiye jina la kwanza kwenye kadi ya familia. Hakuwahi kuomba kuwa kiongozi wetu. Sisi tuliona namba kubwa kwenye karatasi yake tukamkabidhi kazi, halafu tukamlaumu kwa kuifanya.

Kijana wa jerikeni alirudi. Alitengeneza mhusika mpya, mwimbaji, jina Kinanda, ndiye huyo wa kuongeza 5.

Desemba 2024 yaya alipata tarehe ya safari, Marekani, mwanzoni mwa Februari, yeye na wadogo zake. Tulimfanyia Radi maagano. Kwenye hadithi kuna ziwa, Radi akapanda mtumbwi, na kabla ya kupanda alimpa Kinanda upanga wake. Hakuna kanuni iliyomlazimisha. Kijana alishika ile karatasi iliyoandikwa "upanga" kama vile ni chuma kweli. Yaya mwenyewe aliuza godoro na meza, jiko akampa jirani, sufuria akagawa.

Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha mapokezi ya wakimbizi, safari zikafutwa, hata za watu waliokuwa na tiketi. Hilo hatuwaelezi, wengi wenu mmelipata nyumbani kwenu. Tunachosema ni kwamba yaya alipotea Jumamosi tano, naye alikuwa hatua mia mbili kutoka tulipokaa. Wakati huohuo watu walikuwa wanaingia kutoka Goma, halafu kutoka Bukavu, na meza ilijaa wapya.

Ya sita alikuja. Alikaa mwisho wa benchi. Wengi wetu tukasema hapohapo: Radi arudi, mtumbwi ulipigwa na dhoruba, upanga arudishiwe, ni dakika moja tu kuandika. Tuligombana kweli, kwa sababu wengine waliona haya kumnyang'anya Kinanda, wengine waliona haya zaidi kumwacha yaya bila kitu siku kama ile. Msemaji wa siku hiyo, kwa kizibo, alikuwa ni yule kijana. Upanga anao yeye. Alikuwa ameutoa tayari kwenye daftari, umewekwa mezani.

Akafanya kazi ya msemaji. Alimuuliza aliyenyamaza kwanza.

Yaya alisema: "Radi alishavuka, mumuache huko." Akaomba karatasi tupu.

Sasa ana mhusika mpya, mwizi mdogo wa levo ya 1, pointi 9 za uhai. Jina bado hajampa. Kinanda yuko levo ya 5. Jumamosi hiyo tulikuwa mbele ya mlango wa jiwe, ndani kunasikika mtu anakohoa, na msemaji akapita kwa kila mmoja akiuliza. Alipofika kwa yaya, yaya akasema atajaribu kufungua kufuli yeye, kazi yake ndiyo hiyo. Kijana alifungua mdomo, tuliona kabisa neno "nyuma" linakuja, akalimeza. Akamsogezea kopo.

Yaya alitoa 3. Kufuli halikufunguka, lililia kelele, na anayekohoa ndani akanyamaza.